Kiko cha Kalamba na Chicha Yetu



Siku ya posho moja, jioni, tulikuwa vijana saba mu terasi moja ya Kamalondo. Mwenzetu alikuwa ametoka kutetea kazi yake ya mwisho ku unif, ba profesa wamempa alama nzuri, tukachanga franga ili tumfanyie furaha. Mezani kulikuwa chupa za Simba, sahani ya kapenta wa kukaanga, na katikati chicha moja ndefu yenye harufu ya matunda. Mpira ukaanza kuzunguka. Ulipofika kwa dada mmoja, akainua mkono: «Apana, miye sivutake.» Tukacheka. Mmoja akamwambia: «Vuta paka kidogo, dada, juu ya bumoja!» Wote tukarudilia kama kwaya: juu ya bumoja, juu ya bumoja. Akavuta. Akakohoa mpaka machozi yakatoka. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Usiku ule usingizi ulinikataa. Si moshi ulionizuia kulala. Ni lile neno, bumoja. Nilikuwa nimekwisha kulikuta katika vitabu, na mule pia lilikuwa karibu na kiko, karibu na mtu asiyetaka kuvuta. Ni habari ya Kasai, ya miaka karibu 150 iliyopita. Acheni niwasimulie, kisha tutarudi ku terasi.

KIKO SI CHA MZUNGU

Wengi wetu tukisikia neno «pipe» tunamuona bosi wa zamani wa Élisabethville, kofia nyeupe kichwani, kiko mdomoni, anaangalia watu wakifanya kazi. Tunazania kiko kilikuja na yeye. Si vile.

Huko Ethiopia, katika pango la Lalibela, karibu na ziwa Tana, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta vichwa vya viko vya udongo vya karne ya 14, na ndani yake alama za bangi. Wakati ule Christophe Colomb hajazaliwa bado, na tumbaku ilikuwa ingali Amerika, haijavuka bahari. Ni kusema Afrika ilijua kuvuta moshi kwa kiko kabla ya kujua tumbaku.

Tumbaku yenyewe ilikuja kwa merikebu za Wareno ku pwani ya Atlantiki, katika miaka ya 1500 na 1600, ikaingia ndani ya inchi kwa mikono ya wachuuzi, kijiji kwa kijiji. Njia hiyohiyo ndiyo iliyotuletea mahindi na mihogo. Kwa hiyo unga wa bukari yetu na tumbaku ya ba kambo ni watoto wa safari moja.

Hata majina yanaonyesha njia. Bangi ni neno lililotoka Uhindi, likapita Bahari ya Hindi, likapanda kutoka pwani ya Waswahili. Diamba ni neno la upande mwingine, upande wa Angola. Majani ni yaleyale, majina ni mawili, na yote mawili yamekutana katikati, huku kwetu Kongo.

Na watu wetu walikipenda kiko mpaka wakakifanya kazi ya fundi. Walitengeneza viko vya kibuyu, maji ndani yake, kichwa cha udongo juu. Wachokwe na Waluba walichonga viko vyenye sura ya mutu. Walulua wa Kasai walichonga vinu vidogo vya kusagia tumbaku na bangi: mutu amechuchumaa, viwiko juu ya magoti, uso umetulia kama anayefikiri. Leo vinu vile viko ndani ya vioo vya makumbusho ya Ulaya, na mgeni anayevitazama hajui hata kama mkono uliovichonga ulikuwa unavuta pia.

KIKO CHA KAMBO

Nisiwe mnafiki. Utamu wa kiko naujua, hata kama sivuti.

Kambo wangu alizaliwa upande wa Luluabourg. Njia ya treni ya BCK iliunganisha Bukama na Port-Francqui, ile tunaita Ilebo leo, katika mwaka 1928, ikipita Luluabourg. Kwa reli ile ndipo Wakasai wengi walipofika kufanya kazi mu Katanga, ku reli na ku Union Minière, na yeye alikuwa mmoja wao. Mimi nilimkuta ni mzee wa pansyo, ameketi mbele ya nyumba mu Katuba, saa kumi na moja jioni, na kiko chake cha mti mweusi.

Kwanza alikigonga taratibu juu ya kiatu ili majivu ya jana yatoke. Kisha alikatakata jani la tumbaku kwa kisu kidogo. Alijaza kichwa cha kiko kwa kidole gumba: chini hakukandamiza sana, juu alikandamiza kidogo. Tumbaku ikikazwa sana moshi haupiti, ikiachwa wazi mno inawaka kama majani makavu na kuchoma ulimi. Aliwasha mara mbili, kwa kuwa moto wa kwanza unafufua tumbaku na moto wa pili unaishika. Halafu alivuta polepole sana, kama mutu anayekunywa chai ya moto. Moshi aliukalisha mdomoni, hakuumeza.

Na hapo habari zilianza. Kiko hakikubali haraka: ukikimbia kinawaka moto, ukikisahau kinazimika. Mutu wa kiko analazimika kukaa. Na mutu akikaa, wengine wanakuja kukaa karibu yake. Jirani Mubemba alikuja, jirani Murund alikuja, fundi wa baiskeli pia, na yule mama muuza makala aliyevuta sigara kwa namna ya wamama wa zamani, moto ndani ya mdomo. Siasa, mpira, bei ya unga, vyote vilipita pale. Nilijifunza historia pale kabla sijajifunza ku masomo.

Utamu wa kiko uko hapo, bandugu. Nusu yake ni tumbaku, nusu nyingine ni ile duara ya watu. Na mtego wake pia uko hapohapo.

WATOTO WA DIAMBA

Sasa twende Kasai. Karibu na miaka ya 1870, kati ya watu ambao wazungu waliwaita Bashilange, na ambao leo tunawaita Walulua, kulikuwa vita vya kijiji na kijiji. Biashara kutoka Angola ilikuwa imeingia, na bunduki pamoja nayo. Hapo ukatokea mwendo mpya. Walijiita Bena Diamba, wengine wanaandika Bena Riamba: watu wa diamba, watoto wa bangi. Inchi yao wakaiita Lubuku, ni kusema urafiki. Chifu aliyesimama mbele ni Kalamba Mukenge, na kando yake dada yake, Sangula, mwanamke mwenye sauti kubwa katika mambo hayo.

Wazungu wawili waliofika kwao, Paul Pogge na Hermann Wissmann, waliandika mambo yaliyowashangaza. Kijijini watu hawabebi silaha. Pombe ya ngazi imekatazwa. Dawa na sanamu za kale zimechomwa. Katikati ya kijiji kuna uwanja uliofagiliwa safi, ambapo wanaume wanakusanyika jioni kuzunguka kiko kikubwa cha kibuyu. Mapatano ya biashara, amani kati ya vijiji, safari ndefu, sikukuu, hakuna lililofanyika pasipo kiko kile kuzunguka. Na walisalimiana kwa neno moja: Moyo! Ni kusema uzima.

Fikirini kidogo. Jana mutu wa kijiji cha pili alikuwa adui, ukimuona njiani unakimbia ao unapiga. Leo anaketi karibu nawe, kibuyu kimoja kinapita kutoka mdomo wako mpaka mdomo wake. Ni kitu kikubwa kuweka mdomo pale adui wako ameweka mdomo. Ndiyo maana siwezi kuwacheka Bena Diamba kama vile vitabu vya ukoloni vilivyowacheka. Hawakuwa kundi la walevi. Walikuwa watu waliochoka na vita, wakatafuta alama ya kuonyesha kwamba vita vimekwisha. Na mapatano yenyewe, yaani kuacha silaha na kutembeleana, yalikuwa mazuri.

Lakini kiko kilikuwa na upande wa pili.

KUVUTA KWA LAZIMA

Katika Lubuku, kuvuta kulikuwa wajibu. Mutu alipimwa kwa moshi wake. Na mkosaji, mwizi kwa mfano, ao aliyechukua bibi ya mwenzake, aliadhibiwa kwa kiko chenyewe: alilazimishwa kuvuta, na kuvuta tena, mpaka akaanguka na kupoteza fahamu.

Soma tena mistari hiyo miwili. Kiko kilekile cha urafiki ndicho kilikuwa fimbo. Wazee na machifu waliokataa diamba hawakuonekana kama watu wenye mawazo mengine. Walionekana kama maadui wa Lubuku, na walikuwako waliofukuzwa makwao. Umoja uliokuwa umezaliwa kwa kukaribisha ukaanza kuishi kwa kulazimisha.

Halafu wageni wakafika. Mwaka 1881 Pogge na Wissmann waliingia kwa Kalamba. Walipokewa kama jamaa waliokufa wakarudi, wakapewa hata majina ya marehemu. Kalamba mwenyewe aliwasindikiza mpaka Nyangwe, mji wa biashara wa Waswahili na Waarabu juu ya mto Lualaba. Toka pale Wissmann aliendelea mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, akafika mwishoni mwa 1882, na Ulaya ikampigia makofi. Ni mara chache watu wanasema kwamba bila Kalamba na watu wake safari ile ingekuwa ngumu mno.

Kalamba hakuwa mjinga. Alikuwa na hesabu yake. Rafiki mwenye bunduki ni rafiki wa maana kwa chifu anayetaka machifu wengine wamtii. Na ni kweli, nguvu za wageni zilimsaidia kuwabana waliokataa diamba na kuwatoza ushuru. Mwaka 1884 Wissmann akarudi, akajenga kituo cha Luluabourg, ule mji tunaouita Kananga leo. Mwaka 1885 mfalme Léopold II akapata Dola Huru ya Kongo. Kituo cha rafiki kikawa kituo cha serikali. Miaka ya 1890 Kalamba alijikuta anapigana na serikali ileile aliyoifungulia mlango. Alikufa mwaka 1899, na Lubuku ilikuwa imekwisha kubaki jina.

Wazee wetu wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kalamba alimuita mgeni ili apone, lakini alitaka apone peke yake, juu ya vichwa vya ndugu zake. Hapo ndipo alipopotea. Diamba haikumfanya kipofu. Tamaa ya kuwa mkubwa wa wote ndiyo ilimfumba macho.

NANI ALIKUWA AMELEWA?

Mutu ataniuliza: habari hizi zote zimeandikwa na wazungu, tutaziaminije? Swali nzuri.

Johannes Fabian, profesa aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970, na aliyeandika sana juu ya Kiswahili chetu cha Katanga, alitoa mwaka 2000 kitabu juu ya wasafiri kama hao. Alionyesha kwamba wale waliokuja kupima akili ya Mwafrika walisafiri wakiwa na homa, na kinini nyingi mwilini, na dawa za afyuni, na pombe. Walikuwa mara nyingi nje ya akili zao wenyewe, na bado waliandika kana kwamba macho yao ni kioo safi. Kwa hiyo tukiwasoma tuwapunguzie kidogo. Wanaposema «wanalewa bangi», tuulize: na wewe mwandishi, usiku ule ulikuwa umekunywa nini?

Lakini tusiutumie huo kama mlango wa kutorokea. Kulazimishwa kuvuta mpaka kuzimia ni kulazimishwa, hata kama aliyeandika alikuwa na homa.

MOSHI NA MAJINA YETU

Juu ya nini ninawachosha na mambo ya Kasai hapa Lubumbashi? Juu ni mambo yetu.

Mwaka 1959, mwezi wa kumi, Walulua na Waluba walianza kuuana kule Luluabourg, watu waliokuwa wanasikilizana luga moja. Waluba wengi walikimbilia Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo. Miaka ya 1992 na 1993 ikawa zamu ya Katanga: familia za Wakasai zililala ku gare za Likasi na Kolwezi zikingoja treni ya kuzirudisha «kwao», hata wale ambao hawajaiona Kasai hata siku moja. Kila mara lilikuwako neno zuri mbele, umoja wetu, ukoo wetu, inchi yetu. Na kila mara lilikuwako swali nyuma yake: wewe uko pamoja nasi ao hauko? Onyesha!

Duara ya kiko ya kambo yangu ilivunjika wakati ule. Jirani mmoja aliacha kuja. Hawakugombana. Aliacha tu kuja. Kambo alibaki na kiko chake na kiti kitupu mbele yake, na nadhani tumbaku haikuwa na ladha tena.

NA CHICHA?

Chicha ni mtoto wa ukoo uleule: kichwa cha udongo, makala, maji, mpira. Vijana wengi wanasema haina mabaya juu maji yanasafisha. Hapana, bandugu. Maji yanapoza moshi, hayausafishi. Moshi uliopoa unaingia ndani zaidi kwa kuwa hauchomi koo. Shirika la Afya Duniani lilieleza tangu 2005 kwamba mutu anayevuta chicha kwa kikao kimoja, kama saa moja, anaweza kuingiza moshi sawa na wa sigara 100 ao zaidi. Makala yenyewe yanatoa ile gesi isiyo na harufu inayoleta kichwa kuuma na kizunguzungu. Kizunguzungu kile mnachokiita «inapanda» mara nyingi ni damu inakosa hewa. Na mpira unaopita mdomo kwa mdomo unaweza kupitisha kifua kikuu pamoja na bumoja.

Rwanda na Kenya walipiga chicha marufuku mwaka 2017, Tanzania mwaka 2016. Kiko cha tumbaku pia hakina usalama, hata kama moshi haumezwi: mdomo, ulimi na koo vinaweza kupata kansa. Kambo aliimaliza miaka yake ya mwisho na kikohozi tulichokisikia toka barabarani. Nilipenda duara yake, sikupenda kikohozi chake, na siwezi kuwasimulia cha kwanza nikaficha cha pili.

Sisemi haya ili nifunge terasi za watu. Kila mutu mzima ana mapafu yake. Ninachosema ni hiki: katika historia ya kiko, hatari kubwa ya kwanza haikuwa ndani ya majani. Ilikuwa pale kuvuta kulipogeuka kuwa kipimo cha nani ni wetu. Siku kiko kinapoanza kuuliza «uko pamoja nasi?», kimeacha kuwa kiko.

KILICHOBAKI

Lubuku ilikufa. Kibuyu kikubwa hakizunguki tena mu viwanja vya Kasai. Lakini nenda leo mbele ya kanisa siku ya yenga, sikiliza wamama wa Kasai wakikutana. Watasalimiana: Moyo! Moyo wenu! Neno ambalo Bena Diamba walisalimiana nalo bado liko midomoni mwa watu, na wengi wanaolisema hawajavuta kitu maisha yao yote. Moshi ulikwenda, salamu ilibaki. Naona historia imetupa jibu wazi: amani haikuhitaji diamba. Ilihitaji mutu kumtakia adui wake wa jana uzima.

Kambo wangu alinisalimia vile kila jioni: «Moyo, mujukulu!» Alinisogezea kiti. Kiko hakunipa hata siku moja.

Asubuhi ya yenga nilimpigia simu yule dada. Nikamwambia: «Dada, unisamehe juu ya jana. Tulikulazimisha.» Akanyamaza kidogo, kisha akacheka.

«Haina mambo,» akasema. «Miye nilitaka paka kuikala na banyie.»